Nipo Nyumbani Tu

Walipobisha hodi wale wa kuandikisha, Somoe alikuwa uani, amechuchumaa mbele ya nusu pipa, anakaanga korosho huku macho yakimchuruzika. Moshi wa maganda ya korosho si moshi wa kuni. Ni mweusi, mzito, unawasha koo, na ukiingia ndani ya nyumba unakaa hadi kwenye shuka. Alisikia sauti ya Fadhili, mwenyekiti wa mtaa, ikitangulia mbele kama kawaida yake.

"Hodi hapa! Mama Asia! Una wageni wa mradi!"

Somoe akamwaga mchanga juu ya korosho kuzima moto uliokwisha kushika maganda, kisha akanawa mikono. Kunawa kwenyewe kulikuwa mazoea tu. Mafuta ya ganda la korosho yakiingia vidoleni hayasikii sabuni wala majivu. Yanakula ngozi na kuacha weusi, na weusi huo huondoka siku ngozi yenyewe inapobanduka. Akajitanda kanga ya pili, akaingiza mikono ndani yake, akazunguka nyumba kwenda mbele.

Ndani, nyuma ya pazia, mumewe Shafii alikuwa amelala chali kitandani. Mgongo ulikuwa umemkatalia kuamka siku hiyo.

Barazani alisimama msichana mmoja aliyevaa fulana ya mradi, ana kishikwambi mkononi, jasho linamtiririka hadi kidevuni. Hakuwa mtu wa Mtwara, na joto lilikuwa limekwisha kumjulisha hivyo. Nyuma yake na mwenyekiti walifuatana watu, kama wanavyofuatana siku zote katika mtaa wa Nachenjele mgeni anapoingia: wanawake wenye ndoo, bibi mmoja na fimbo yake, watoto wasio na idadi, na Neusa, jirani wa ukuta kwa ukuta. Nachenjele ni mtaa ambao haujapimwa. Nyumba zimebanana kiasi kwamba ukipiga chafya kwako, unaombewa afya kwa jirani.

"Shikamoo mama," alisema msichana.

"Marahaba, mwanangu. Karibuni. Asia! Lete kigoda!"

"Asante, sitakaa. Naitwa Agnes. Tunaandika jinsi watafutaji wa familia katika mitaa hii wanavyojipatia riziki. Mtafutaji wa nyumba hii ni nani?"

Watu wote waliokuwa pale wakamtazama Somoe. Swali lilikuwa jepesi, na jibu lake lilikuwa linafuka moshi uani. Lakini mtu haulizwi peke yake Nachenjele. Anaulizwa mbele ya ndoo na fimbo na watoto, na jibu lake litafika kisimani kabla yake.

"Ni mume wangu, Shafii," alisema.

"Anafanya kazi gani?"

"Anabeba mizigo. Ghalani."

"Yupo?"

"Yupo kazini."

Kitanda kikalia ndani. Somoe akakohoa haraka kukifunika, na mwenyekiti Fadhili akatazama juu ya paa kama mtu anayekagua mabati.

"Na wewe mama? Una shughuli yoyote ya kukuingizia chochote?"

"Mimi? Aa, mimi nipo nyumbani tu."

Agnes alikuwa amekwisha kuanza kubonyeza, akasita, akanusa. "Na huo moshi?"

"Nimeinjika maharage."

Neusa akageuka upande, akajiziba mdomo kwa ncha ya kitenge chake. Agnes aliitazama ile kanga, pale ilipojivimbisha juu ya mikono iliyofichwa. Akamtazama mwenye kanga usoni. Alionekana anataka kusema neno, lakini jua lilikuwa kali na nyumba zilizobaki zilikuwa nyingi. Akabonyeza alichoambiwa, akashukuru, akahamia kwa Neusa.

Neusa hakungoja hata kuulizwa. "Mimi nabangua korosho," alisema kwa sauti ya kusikika hadi mtaa wa pili. "Mume alishafariki. Nakaanga, nabangua, namenya, napeleka stendi. Andika hivyo hivyo."

Usimcheke Somoe kwa yale maharage. Kwao mwanamke anafundwa mambo mengi kabla ya kuolewa, na mengi anayasahau, lakini la kumsitiri mume hasahau. Aibu ya mume haianikwi barazani. Inakunjwa na kuwekwa chini kabisa ya sanduku, na juu yake zinapangwa nguo nzuri.

Na Somoe alikuwa mpangaji hodari. Tangu gunia lilipomwangukia Shafii mgongoni, na wale wa ghalani wakaacha kumwita, hakuna asubuhi aliyoamka mtu huyu, kama mgongo umemruhusu, asivae ovaroli yake ya bluu na kutoka. Alikwenda kukaa karibu na stendi, kwenye kibaraza cha duka lililofungwa, na wanaume wengine wenye ovaroli zao, wakacheza drafti hadi jua likageuka. Kabla hajaamka, Somoe alikuwa amekwisha kutia hela ya kitoweo kwenye mfuko wa kifuani wa ovaroli ile. Jioni Shafii alipita sokoni, akanunua vibua, akawatunga kwenye ukindu, akarudi kwa njia ya mbele inayopita kwenye baraza za watu. Samaki walining'inia mkononi mwake na kila mtu aliwaona.

"Pole na kazi, Bwana Shafii!"

"Nimeshapoa, jamani!"

Somoe alikuwa anazisikia salamu hizo kutoka uani, akiwa kwenye moshi, na vidole vinamwaka. Yeye hakuna aliyewahi kumwambia pole na kazi. Nani ampe pole mtu aliye nyumbani tu? Mke na mume hawajawahi kuzungumza hata mara moja juu ya hela ile ya mfukoni. Ilikuwa inaingia na kutoka kama vile ovaroli yenyewe ndiyo iliyoajiriwa.

Msimu wa korosho ulipokwisha na wanawake wakabaki na zile za kuokotwa chini ya mikorosho ya ndugu zao kule kijijini Ziwani, mwenyekiti Fadhili alipita na kipaza sauti. Moshi wa uani ulikuwa umelalamikiwa mno. Kuanzia mwezi unaokuja, ilikuwa marufuku kukaanga korosho nyumbani. Mradi ulikuwa umejenga banda karibu na barabara ya Mikindani, lenye bomba za kutolea moshi, meza za kubangulia na glavu za bure. Wabanguaji wote wa mtaa walikuwa wamepangiwa nafasi humo. Mwenye kukutwa anakaanga uani, pipa lake litachukuliwa.

Somoe alisikiliza hadi mwisho, akafurahi. Banda! Kuketi kwenye meza kama mtu! Alimfuata Neusa, wakaenda pamoja ofisi ya mtaa kusikiliza majina.

Jina la Neusa lilisomwa mapema. La Somoe halikusomwa.

"Umeruka, mwenyekiti," alisema Somoe.

"Sijaruka."

"Rudia basi."

Fadhili akarudia, pole pole, kama anayemsomea mtoto. Jina halikuwepo. Wanawake wengine waliokuwa wamesimama mlangoni nao walikuwa wanainamisha shingo kusikiliza, na nyuso zao zilikuwa zimeanza kukunjamana.

"Lakini mimi ni mbanguaji," alisema Somoe. "Mwenyekiti, wewe si mgeni. Korosho uliyompelekea mkweo Idi iliyopita ulichukua kwa nani?"

"Kwako."

"Sasa?"

"Sasa kishikwambi hakikuja kununua korosho, mama Asia. Kiliuliza. Nilikuwepo, kwa masikio yangu haya, ukasema upo nyumbani tu."

Watu wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya, lakini Somoe alihisi masikio yanamwaka moto. "Ulijua kuwa nasema vile kwa… Ulijua, mwenyekiti! Si ungemwambia yule binti?"

"Nimwambie nini? Nimwambie mwenye nyumba anasema uongo, mumewe amelala ndani? Ningekuwa mwenyekiti wa namna gani?"

Hilo ndilo lililomuuma Somoe zaidi. Mtu huyu naye alikuwa amemsitiri. Kumbe alijua, na alikagua mabati kwa sababu alijua. Basi na wale wote waliokuwa wanasema pole na kazi kila jioni…

"Wanaweza kubadilisha?" aliuliza Neusa.

"Agnes anakuja kesho kufunga hesabu zake. Akifunga, ndiyo basi hadi mwakani. Lakini nilishamuuliza, maana si wewe peke yako. Meza za banda ni za walioandikwa watafutaji, na mfumo hauruhusu mtu mwingine kubadilisha jina. Yule aliyeandikwa mtafutaji aje mwenyewe, aseme mtafutaji si yeye. Asipokuja yeye, haibadiliki."

"Aje hapa? Aseme mbele za watu?"

"Ofisi ni hii hii, mama Asia. Chumba kingine sina."

Wakati wa kurudi Neusa alimshika mkono. Mama yake Neusa alivuka Ruvuma na mwanawe mgongoni, na hadi leo Neusa akitaka kumwita mtu dada yake anamwita mana, kama wanavyoitana ng'ambo.

"Mana, nenda kamwambie. Shafii si mtu mbaya."

"Angekuwa mbaya ingekuwa rahisi," alisema Somoe.

Alimwambia Shafii alipokwisha kula. Vibua walikuwa watamu, na Asia alikuwa amekwenda kusoma kwa jirani mwenye umeme. Somoe alieleza yote, banda na majina na Agnes na mfumo, akiangalia sahani. Alipomaliza, Shafii alikuwa bado anachambua mwiba ambao haukuwepo.

"Kwa hiyo unataka niende."

"Mara moja tu. Useme, urudi."

"Niseme nini? Nipe maneno, maana mimi sijui yanavyosemwa. Niseme habari zenu, mimi nalishwa na mke?"

"Si hivyo."

"Ni vipi?"

Somoe alijaribu kutafuta namna nyingine ya kulisema, akaikosa. Kila alivyoligeuza lilirudi pale pale.

"Nyumba hii ni ya mama yako," alisema Shafii. Hakupaza sauti. Kuta za Nachenjele hazimruhusu mtu kupaza sauti. "Nimekuja na nini? Sanduku. Kiwanja cha kwenu, watoto wa ukoo wenu, moto wa kwako, hela ya kwako. Sisemi kwa ubaya, ndiyo mila ya huku, mume kuhamia kwa mke, na mimi ni mtu wa huku. Lakini kitu pekee kilichobaki changu ni lile jina kwenye kishikwambi cha yule binti. Nilikuwa kitandani, nilikusikia ukinitaja. Mume wangu, Shafii. Nililala pale nikasema moyoni, alhamdulillahi, huyu bado ananihesabu. Sasa unataka niende nikalitoe mwenyewe."

"Jina litatulisha?"

"Hujawahi kulalamika."

"Sijawahi kulalamika!" Somoe alisahau kuta. "Tangu lini nimepata nafasi ya kulalamika? Mimi si nipo nyumbani tu? Angalia!" Akamwekea mikono chini ya kibatari, vidole vyeusi, na kwenye kiganja mahali palipobanduka pakawa pekundu. "Hii nimeificha kwa ajili yako. Nimeificha ndani ya kanga kama mwizi. Mwezi ukiingia wanachukua pipa. Wakishalichukua, utatoka na ovaroli yako, utarudi na nini mkononi?"

Shafii hakuitazama ile mikono. Alitazama mlangoni. "Kakaange kwa Neusa," alisema.

"Neusa ana meza moja, ya mtu mmoja."

"Basi utaona la kufanya. Wewe huwa unaona."

Somoe alikusanya vyombo kwa kelele, kikombe juu ya sahani, sahani juu ya sufuria. Hasira aliyokuwa nayo ilikuwa ya pande mbili, na hakujua aanze na upi. Alimkasirikia Shafii kwa kung'ang'ania jina tupu. Alijikasirikia mwenyewe zaidi, kwa sababu jina lile alimpa yeye, akalipiga pasi na kulitunza miezi yote hii, na sasa alikuwa anamwomba alivue mbele ya watu kama shati la kuazima.

Asubuhi aliamka kabla yake, kama siku zote. Ovaroli ilikuwa imetundikwa kwenye msumari. Alisimama mbele yake na hela ya kitoweo imekunjwa kiganjani. Alisimama kwa muda. Kisha akaichukua hela ile, akaifunga kwenye pindo la kanga yake, akaenda uani kuwasha moto wa chai.

Alimsikia Shafii akivaa. Alimsikia akipapasa mfuko wa kifuani. Akapapasa tena, na mfuko wa pili, na ule wa chini ambao haukuwahi kutiwa kitu. Somoe alipuliza moto kwa nguvu kuliko ulivyohitaji. Alijua anafanya jambo baya. Alijua pia kwamba kama Shafii angetokeza uani na kumuuliza iko wapi, angempa, na yote yangerudi yalivyokuwa. Hakutokeza. Mlango wa mbele ulifunguliwa, ukafungwa, na jirani mmoja akasikika akisema, "Kazi njema, Bwana Shafii."

Ofisi ya mtaa ilikuwa imejaa Somoe alipofika. Alidhani amekosea siku, kwamba labda wanagawa vyandarua. Kisha akawatambua waliokuwa kwenye foleni. Mke wa fundi baiskeli alikuwepo. Mke wa yule mlinzi anayetembea na filimbi alikuwepo. Alikuwepo Halima, ambaye mumewe kila siku alikuwa anaondoka na begi la vifaa vya umeme, na ambaye wanawake wote wa Nachenjele walikuwa wanamwonea wivu. Wote wamejitanda, wote mikono imo ndani ya kanga. Kila mmoja alipogeuka na kumwona mwenzake, aliangalia chini.

"Na wewe, Halima?" alisema Somoe.

"Na mimi," alisema Halima. "Nilimwambia yule binti nachemsha mihogo."

Mmoja akacheka, wengine wakafuatia. Kilikuwa kicheko kifupi chenye uchungu. Kumbe mtaa mzima ulikuwa na maharage na mihogo motoni, na kule kwenye kibaraza cha stendi palikuwa na ovaroli na begi na filimbi zimeketi zinacheza drafti. Kila nyumba ilikuwa inaifunika nyingine, hadi yule wa mradi akaenda zake na mtaa uliojaa wanaume wenye kazi.

Agnes alikaa nyuma ya meza, kishikwambi kimechomekwa kwenye chaji. Alikuwa mpole, na upole wake haukuwasaidia kitu.

"Mama zangu, nawaelewa. Naapa nawaelewa. Lakini sina pa kubonyeza. Aliyeandikwa mtafutaji lazima awepo, mfumo unataka sauti yake na picha yake."

"Angalia mikono yangu, mwanangu," alisema Halima, akaitoa mezani. "Hii ni ya mtu anayechemsha mihogo?"

Agnes aliitazama. Uso ulimshuka. "Niliiona siku ile, mama. Ya wengi niliiona. Ila mfumo hauulizi mikono, unauliza jina."

"Uliona ukaandika?"

"Niliandika mlichosema."

Foleni ilisogea kwa namna ya ajabu. Kila mwanamke alifika mezani, akasema, akaambiwa, akasogea pembeni, lakini hakuna aliyeondoka. Walibaki wamesimama ukutani, kana kwamba mfumo ungeweza kuchoka kabla yao. Mwenyekiti aliwaomba wapunguze kujaza mlango. Hawakupunguza. Somoe alipofika mbele, alikuwa hana la kusema ambalo halijasemwa.

"Mume wako anakuja?" aliuliza Agnes.

"Yupo ka…" Mdomo ulikwisha kuanza wenyewe. Somoe aliuzuia. "Sijui," alisema.

Ndipo mlangoni wanawake wakapisha. Shafii aliingia akitembea upande, mkono kiunoni, kama anavyotembea mgongo unapokuwa mbaya. Ovaroli ilikuwa na vumbi la kibaraza cha stendi. Aliona kanga zote zile, akasimama. Kama angegeuka na kurudi, hakuna aliyekuwepo ambaye angemlaumu. Mwenyekiti Fadhili alitazama juu ya paa.

Shafii akaja hadi mezani. Hakumtazama mkewe.

"Mimi ndiye Shafii. Unataka nikae au nisimame?"

"Simama tu baba, nipate picha." Agnes aliinua kishikwambi. "Nauliza kama nilivyouliza siku ile. Mtafutaji wa nyumba yenu ni nani?"

Feni ya mezani iligeuka huku, ikageuka kule.

"Ni mke wangu. Somoe."

"Anafanya kazi gani?"

"Anabangua korosho. Anakaanga, anabangua, anauza. Ada ya mtoto anatoa yeye. Chakula anatoa yeye." Kisha akaongeza, kwa sauti ambayo Somoe ilibidi aisogelee ili aisikie. "Na samaki wale ninaorudi nao, ni wake."

"Na wewe baba?"

"Mimi?" alisema Shafii. "Mimi nipo nyumbani tu."

Agnes aliandika. Hakuna aliyecheka. Mke wa fundi baiskeli alitoa simu yake ndani ya kanga, akatoka nje kumpigia mumewe, na sauti yake ilisikika dirishani ikisema, njoo, hapana, njoo sasa hivi, Shafii kashasema.

Somoe alikuwa amelipata alilolitaka, na halikuwa tamu. Alimwona mumewe anatoka kwa ule ule mwendo wa upande. Akataka kumkimbilia, lakini Agnes alikuwa anamwomba aweke kidole kwenye kioo ili mfumo umsome. Kidole kiliwekwa, kikakataliwa. Kikafutwa, kikawekwa tena, kikakataliwa tena. Mafuta ya korosho yalikuwa yameila ngozi hata mistari imetoweka.

"Mfumo haukioni," alisema Agnes, akiwa karibu kulia.

"Jaribu cha mkono wa kushoto," alisema Somoe. "Hicho sikitumii sana."

Cha kushoto kikakubali.

Meza aliyopewa bandani ilikuwa ya mwisho, karibu na mlango, mahali upepo unapourudisha moshi ndani. Nzuri zilikuwa zimekwisha kuchukuliwa na waliosema kweli mapema. Glavu za bure zilitoboka siku ya kwanza. Somoe alilalamika, akaambiwa aandike barua, akaacha kulalamika, akabangua. Neusa alikuwa meza ya mbele, akimtupia maneno ya kumchekesha, na mara nyingine yalifaulu.

Nyumbani hakukuwa na la kuchekesha. Shafii hakuivaa tena ovaroli, ilibaki msumarini. Hakwenda stendi. Akienda sokoni alirudi kwa njia ya nyuma, ile ya vyooni, na samaki ndani ya kikapu chenye mfuniko. Barazani watu walikuwa hawajui wamwambie nini. Pole na kazi ilikuwa haifai tena, na salamu nyingine hawakuwa wameizoea, basi alipopita walianza kuzungumza habari za mvua. Wake kwa waume walizungumza mvua hadi Somoe akatamani inyeshe iwanyamazishe. Usiku yeye na mumewe walilala mgongo kwa mgongo, na hakuna aliyesema amekosewa.

Siku moja, mwishoni mwa juma lile la kwanza, Somoe alikuwa anarudi kutoka bandani, beseni kichwani. Alikuwa anatumia njia ya mbele, kwa kuwa ndiyo inayotoka barabarani. Miaka yote aliyokaa Nachenjele hakuwahi kuipita jioni kama mtu anayerudi. Alipokaribia kwake aliona moshi unapanda nyuma ya nyumba. Nani amewasha pipa? Watakuja kulichukua! Lakini moshi ule ulikuwa mweupe na mwembamba, wa kuni.

Shafii alikuwa ameketi barazani, kwenye kile kigoda, amevaa msuli na fulana. Baraza za jirani zilikuwa zimejaa. Bibi wa fimbo alikuwepo, na Halima, na mume wa Halima bila begi.

"Moshi wa nini huo?" aliuliza Somoe.

"Nimeinjika maharage," alisema Shafii.

Kuna aliyeguna kwa kuzuia kicheko. Shafii akamtazama huyo, kisha akamtazama mkewe, akainuka taratibu akishika kiuno. Akapaza sauti, yeye ambaye hapazi sauti, ikasikika hadi baraza ya mwisho.

"Pole na kazi, mama Asia."

Mvua ilikoma kuzungumzwa. Somoe alisimama na beseni kichwani, mikono yote miwili imelishika, vidole vyeusi viko nje mbele ya mtaa mzima. Alitaka kulia. Alitaka pia kulitupa lile beseni limpate Shafii, kwa jinsi neno lenyewe lilivyo jepesi na jinsi alivyokaa muda mrefu bila kuambiwa. Jibu lake alilijua, alilisikia kila jioni kutoka uani, lakini hakuwahi kulitamka.

"Nimeshapoa," alisema.

Halafu akanusa.

"Ila maharage yako yanaungua, baba Asia."